999 ya Uingereza: nyota nne, na sababu zangu

Nina duka dogo la vyakula katikati ya Uingereza, linalokesha wazi, kwa hiyo huduma ya 999, namba ya dharura ya huku, naijua kama mteja. Ila simu iliyonifanya niandike haya sikuipiga mimi. Mtu asiyejulikana aliwapigia polisi usiku kwamba dukani kwangu kuna jamaa ana kisu anatishia wateja. Wakati huo mimi napanga magunia ya mchele, na mteja pekee ni bibi mmoja anachagua ndizi za kupika.

Wakaingia askari wawili, bila bunduki. Kwanza walinitazama mikono, hilo nililiona. Kisha askari wa kike akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama niko salama na kama kuna mtu stoo. Akaenda kukagua, mwenzake akatazama picha za kamera. Bibi hata ndizi hakuziweka chini. Walipoona ni uzushi, wakaniandikia namba ya kumbukumbu wakaenda zao.

Nilipomsimulia shemeji yangu aliyeko Kansas, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Shukuru Mungu, shemeji, haikuwa huku kwetu."

Alikuwa anaukumbuka mkasa wa Wichita, mji wa huko Kansas, tarehe 28 Desemba 2017. Vijana wawili waligombana kwenye mchezo wa video wa Call of Duty, dau lenyewe dola moja na nusu. Mmoja akamtafuta mtu wa Los Angeles apige simu ya uongo, eti kuna mauaji na mateka. Anwani aliyopewa ilikuwa ya zamani. Akatoka mlangoni mwanamume wa miaka 28 asiyejua lolote, na askari aliyesimama ng'ambo ya barabara akampiga risasi, akafa. Mpiga simu alifungwa miaka 20, askari hakushtakiwa. Mwaka 2023 mji ulikubali kuilipa familia dola milioni 5.

Mtu atasema polisi wa Marekani huendea nyumba yoyote wakijua huenda mna bunduki, tofauti na huku. Kweli. Lakini simu ile ya Wichita iliingilia namba ya ofisi za manispaa, haikuingia 911, namba ya dharura ya Marekani, moja kwa moja. Hapo tu palitosha mtu kujiuliza.

Kinachonipendeza kwa 999 ni kwamba anayepokea kwanza si polisi. Ni opereta wa BT, kampuni ya simu, anakuuliza unataka huduma gani. Huwezi kusema kwa sababu mwizi yuko chumba cha pili? Kwenye simu ya mkononi, ukiambiwa, unabonyeza 55 na unaunganishwa na polisi. Mwaka 2023 simu nyingi za Android zilikuwa zinajipigia 999 kwa kitufe cha pembeni kubanwa mara tano, polisi wakafurika simu za kimya. Hawakutukana watu. Walisema tu: usikate, mwambie opereta umekosea. Anayepiga makusudi kwa mzaha ndiye anayeweza kwenda jela hadi miezi sita, na kwangu hiyo ni michache. Zimamoto wa nyumbani Tanzania, wanaosumbuliwa na watani kwenye 114, nadhani wangeniunga mkono.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya 101, namba ya polisi kwa mambo yasiyo ya dharura. Malalamiko ya watu kusubiri hewani ni ya miaka mingi. Kama shida yako inaweza kungoja hadi asubuhi, jaza fomu ya mtandaoni.