Uzoefu wangu wa kutumia Digital Giza, hifadhi ya nyaraka za uchimbaji wa piramidi

Kwa muda sasa nimekuwa nikitumia Digital Giza, hifadhi ya mtandaoni ya nyaraka za uchimbaji wa Giza, eneo la piramidi karibu na Kairo nchini Misri, inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Harvard, na ninaitathmini nikiwa msomaji wa kawaida wa historia, si mtaalamu wa Misri ya kale. Niseme mapema kwamba anayetaka picha za kupendeza za piramidi atazipata kokote. Kinachotunzwa hapa hasa ni kazi yenyewe ya uchunguzi: nani alichimba wapi, lini, alikuta nini na alikiandikaje.

Sehemu kubwa ya nyaraka hizo inatokana na msafara wa pamoja wa Harvard na Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Boston, ulioanza mwaka 1905 chini ya mwanaakiolojia Mmarekani George Reisner, aliyefariki akiwa huko huko Giza mwaka 1942. Ukifungua ukurasa wa kaburi, unakuta picha, michoro, kurasa za shajara na vitabu vilivyochapishwa baadaye, vyote vikiwa vimeunganishwa kwa namba ya kaburi hilo. Uunganishaji huo ndio unaonirudisha kila mara, kwa kuwa vitu vilivyochimbuliwa viligawanywa kati ya Kairo na Boston, na pasipo nyaraka hakuna ambaye angejua tena kipi kililala kando ya kipi.

Nimekaa zaidi kwenye G 7000 X, kaburi la malkia Hetepheres, mama yake Khufu, farao aliyejenga Piramidi Kuu. Liligunduliwa Februari 1925, mpiga picha wa msafara, Mmisri Mohammedani Ibrahim, alipokuwa akisimamisha kamera yake na kukuta plasta juu ya mwamba. Chini kabisa ya shimo lenye kina cha zaidi ya mita 25, mbao za samani zilikuwa zimeoza, zikabaki karatasi za dhahabu na vipande vya nakshi vilivyoangukiana ovyo. Vipande hivyo viliondolewa tabaka kwa tabaka, huku kila hatua ikiandikwa na kupigwa picha, na picha zikapita 1,000. Ukizifuata kwa mpangilio wa tarehe, unaona rundo lile lile likipungua kidogo kidogo.

Uangalifu huo umezaa matunda ambayo Reisner mwenyewe hakuyaona. Jeneza la mawe lilipofunguliwa Machi 1927 na kukutwa tupu, yeye alieleza kwamba malkia alizikwa kwanza Dahshur, eneo jingine la piramidi kusini mwa Giza, kaburi likavunjwa na wezi, na mali iliyosalia ikahamishiwa Giza. Mwaka 1985 mwanaakiolojia Mark Lehner alipendekeza maelezo tofauti, na wote wawili walijenga hoja juu ya kumbukumbu zile zile. Baadaye, kwa kutegemea picha na maandishi ya wakati huo, Harvard ilitengeneza upya kiti kimoja cha malkia, kitu ambacho kisingewezekana kama wachimbaji wangejali dhahabu peke yake.

Jambo jingine lililonigusa ni majina. Taarifa za picha humtaja mpigaji pamoja na tarehe, hivyo Mohammedani Ibrahim anaonekana tena na tena, ilhali vitabu vingi vya zamani viliwaita Wamisri vibarua tu. Wasimamizi wa uchimbaji waliotoka Quft, mji wa kusini mwa Misri, nao waliandika shajara zao kwa Kiarabu. Daftari hizo zilibaki na familia hadi zilipojitokeza mwaka 2006, na kwangu mimi, kupigwa kwake picha na kutafsiriwa kuna uzito kuliko michoro yote ya pande tatu (3D) ya hifadhi hiyo ambayo wageni huikimbilia.

Anayeanza ajiandae: maelezo ni ya Kiingereza, shajara nyingi ni mwandiko wa mkono unaochosha macho, na hakuna anayekusimulia kisa mwanzo hadi mwisho. Utafutaji wa jumla huleta mamia ya matokeo, basi ni afadhali kuchagua kaburi moja na kuingia kwa namba yake. Huduma ni bure, vikiwemo vitabu vingi vya kupakua, ila faili zake ni nzito na hula bando; mimi huzipakua penye Wi-Fi.