Quake II RTX: nimelitazama onyesho hili la mwanga nikiwa Kigoma

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi hapa Mwanga, Kigoma, kwa hiyo kwenye picha yoyote naangalia mwanga kwanza. Quake II RTX ya NVIDIA, kampuni ya kutengeneza kadi za picha za kompyuta, iliyotoka Juni 2019, imenikamata hapo hapo. Ni gemu la 1997 lililowekewa njia mpya ya kuchora: kompyuta inafuatilia miale ya mwanga inavyogonga ukuta, kioo na maji, badala ya kutegemea vivuli vilivyoandaliwa mapema. Hatua 3 za mwanzo ni bure.

Ingia kwenye mipangilio, usogeze saa za siku. Jua likishuka, rangi ya chungwa inapenya dirishani na kutambaa sakafuni, na kona isiyofikiwa na jua nayo inapata wekundu kidogo kutoka ukuta wa jirani. Wekundu huo ndio nilioutazama sana. Kisha fyatua kimulimuli, yaani risasi ya mwanga, kwenye korido yenye giza: kinawaka kama taa za wavuvi wa dagaa ziwani, na vivuli vinahama nacho. Ukitaka kulinganisha, rudisha mchoro wa zamani humo humo kwenye mipangilio. Kila kitu kinakuwa bapa.

Maadui wamebaki na maumbo yao ya zamani, hilo halifichiki. Tena Quake II RTX ni nzito kwa kompyuta: ilipotoka ilidai kadi ya picha ya RTX 2060 kwenda juu, na hata hapo punguza kwanza ukubwa wa picha. Anayejifunza kupanga taa za studio, ipakue leo.