Ubao wa gemu kwa mtoto aliyepoteza balansi: uzoefu wangu

Mwanangu ana miaka 8. Mwaka juzi aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona, nashukuru Mungu, lakini sikio la ndani liliharibika. Usikivu ukapungua, na balansi nayo ikaondoka. Mchana akitembea utasema mzima. Usiku akienda choo cha uani anapepesuka mpaka ashike ukuta.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo tunayemwendea hapa Dodoma alinieleza kwa mafiga. Mwili unasimama juu ya matatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na viungo. Moja likivunjika, yaliyobaki yafundishwe kubeba chungu. Lakini kusimama mguu mmoja na kutembea juu ya mstari kulimchosha mtoto, dakika tano tu analia. Ndipo akaletewa ubao wa kampuni ya magemu ya Nintendo, Wii Balance Board, unaochezewa kwenye televisheni kupitia mashine yao ya gemu iitwayo Wii.

Kila pembe ya ubao ina kihisio kinachosoma uzito umelalia wapi. Kuna gemu la pengwini anayeteleza juu ya barafu akidaka samaki. Ukiegemea kulia, barafu nayo inainamia kulia. Siku ya kwanza nilitazama miguu tu. Vidole vimekunjamana kana kwamba anaung'ang'ania ubao kwa kucha, na akitaka kwenda kushoto anapeleka kichwa, nyonga hazisogei. Wiki ya tatu vidole vilikuwa vimelala, na nusu saa ikiisha anasema, "Mama, mara moja tu ya mwisho."

Nikanunua wetu. Wii haitengenezwi tena tangu 2013, kwa hiyo utapata mtumba. Usilipe kabla ya kuweka betri nne ndogo na kuona ubao umeshikana na mashine. Kitufe chekundu cha kuunganisha kimo ndani, kwenye nafasi ya betri. Uweke sakafuni, si juu ya zulia. Kile kipimo cha uzito kinachomtangazia mtu kama ni mwembamba au mnene nakiruka kabisa. Mtoto anayejifunza kusimama hahitaji kuambiwa hayo.

Jioni moja umeme ulikatika akiwa juu ya ubao. Alianguka kama gunia, nami nilikuwa jikoni. Sijamwacha peke yake tena. Mtaalamu aliposikia akasema hapo ndipo gemu linapoishia: mtoto ameganda kwenye kioo, macho yanafanya kazi yote, nyayo zinapumzika. Akatuongezea zoezi la korongoni, pekupeku kwenye mchanga, jua likizama, mimi pembeni.

Sasa ubao ni siku tatu kwa wiki, korongo siku mbili. Kwenda, anafika kwenye mbuyu bila kunigusa. Kurudi giza limeshaingia, bado ananishika kidole kimoja.