Mwanza hadi Dar: ndege safi, lakini tangazo la mkanda lilikatwa nusu

Nilisafiri na mama yangu mzazi mwezi wa Aprili, yeye dirishani, mimi 14B. Jina la shirika silitaji kwa sababu barua nimeshawapelekea wenyewe na nasubiri majibu yao. Ndege ilikuwa safi, tuliondoka kwa wakati, na mama, ambaye magoti yanamsumbua, alipandishwa ngazi taratibu mpaka kitini. Kwa hilo nawashukuru kwa dhati.

Lawama yangu ni sentensi moja waliyoiacha.

Baada ya kupaa, taa ya mkanda ilizimwa. Tangazo la Kiingereza likasema taa imezimwa, ila ukiwa umekaa endelea kufunga mkanda wako. Likafuata la Kiswahili: "Ndugu abiria, taa ya mikanda imezimwa, sasa mnaweza kutembea." Likaishia hapo. Pale pale nikasikia vifungio vikilia ka, ka, ka, mbele na nyuma. Mzee wa 14C, mkulima wa pamba kutoka Magu aliyekuwa anakwenda kumwona mwanawe, naye akafungua wake. Nikamwambia, "Mzee wangu, tuufunge tu." Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, si wamesema tufungue?" Na kwa lugha aliyoisikia, ndivyo walivyosema. Sikumsisitiza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Tukiwa katikati ya safari mawingu yalikuwa yamesimama kama minara upande wa mama. Taa ikawaka tena bila neno lolote, na toroli la chai likaendelea kuja. Mzee aliiona taa, nampa haki yake. Alishika upande mmoja wa mkanda, akawa anautafuta wa pili uliokuwa umejibana kati ya viti vyetu. Mkono wake ulikuwa bado humo ndege ilipoporomoka. Mimi na mama mikanda ilitubana nyongani tukabaki vitini. Yeye aliruka, utosi ukagonga kabati la mizigo, akarudi chini ubavu. Chai ikammwagikia mapajani kijana wa mstari wa nyuma yetu. Kilio chake bado nakisikia.

Watu husema ndege "imeingia kwenye shimo la hewa". Hewa haina shimo. Karibu na mawingu ya mvua kuna hewa inayopanda na kushuka kwa kasi. Ndege ikisukumwa chini ghafla, mwili usiofungwa haushuki nayo, na paa ndilo linalokufuata. Tarehe 21 Mei 2024, ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London, safari SQ321, ilikumbwa na msukosuko juu ya Myanmar ikashuka mita 54 hivi ndani ya sekunde 5. Makumi ya watu waliumia na abiria mmoja alifariki. Taa ya mkanda ilikuwa imewashwa sekunde 8 hivi tu kabla. Sekunde 8 hazimtoshi mzee kuutoa mkanda uliokwama kwenye kiti.

Binti mmoja wa wahudumu, mkono wake wenyewe umeteguka, alipiga magoti kwenye njia akamkandamiza mzee jeraha kwa kitambaa mpaka hali ilipotulia. Huyo anastahili kupandishwa cheo.

Mama zetu wanaovaa khanga na vitenge: mkanda ukae juu ya nguo, chini ya tumbo, ubane mifupa ya nyonga. Ukifichwa ndani ya khanga mhudumu hauoni, na pale kwetu walikagua kwa kupita tu.

Nimewapa nyota mbili kati ya tano. Katika barua nimewaomba waisome ile sentensi kwa Kiswahili, yote, kila safari, na chai isimiminwe taa ikiwaka. Mzee alishonwa nyuzi sita. Mwanawe amenipigia jana, anasema baba amekataa tiketi ya kurudi, atakwenda Magu kwa basi.