Uzoefu wangu na differential_evolution ya SciPy kwenye data za visima vya Arusha na Moshi

Ninachotathmini hapa ni kitu kimoja: fankisheni ya `differential_evolution` iliyomo kwenye maktaba ya SciPy ya Python. Ninaitumia kutafuta vigezo vya tabaka la maji kutokana na majaribio ya kupampu visima virefu, kuanzia miteremko ya Meru, Usa River na Tengeru hadi tambarare ya Kahe chini ya Moshi. Ni ya bure, na ukishaisakinisha haihitaji intaneti. SciPy yenyewe ni makumi ya megabaiti, kwa hiyo ishushe mara moja, weka faili lake kwenye flashi na wagawie wenzako ofisini. Hakuna sababu ya kila mtu kumaliza bando lake. Naipa nyota nne kati ya tano.

Algoriti hii ni ya Rainer Storn na Kenneth Price. Waliitoa kwenye ripoti ya mwaka 1995, kisha kwenye Journal of Global Optimization mwaka 1997. Haianzi na kisio moja, inaanza na kundi zima la makisio yaliyotawanywa ndani ya mipaka uliyoitajia. Katika kila kizazi, kila mwanakundi anatafutiwa mpinzani: huchaguliwa wengine wawili kwa bahati nasibu, tofauti yao inazidishwa na namba F, inajumlishwa kwenye jibu lililo bora kwa wakati huo, kisha baadhi ya namba za mpinzani zinarithiwa kutoka kwa mwanakundi wa zamani. Mpinzani asiposhindwa anachukua nafasi, akishindwa anatupwa. Ndani ya mzunguko huu hesabu ya mteremko haipo popote. Kinachonifanya niipende ni kwamba urefu wa hatua unajirekebisha wenyewe: kundi likiwa limetawanyika tofauti ni kubwa na hatua ni ndefu, likikusanyika hatua zinafupika, na hukumwambia mtu yeyote afanye hivyo.

Sasa, si kila kisima kinahitaji mambo haya. Kama pampu ilikwenda kwa kasi moja mwanzo hadi mwisho na hakuna kizuizi karibu, chora mstari wa Cooper na Jacob wa mwaka 1946 kwenye karatasi ya nusu-logi, soma Δs, yaani kushuka kwa maji kwa kila mzunguko wa logi, T = 2.3Q/(4πΔs), ambapo Q ni kasi ya pampu na T ni uwezo wa tabaka kupitisha maji, umemaliza kabla chai haijapoa. Vivyo hivyo kuchanganya maji ya visima viwili ili floraidi ishuke. Tuseme kimoja kina miligramu 4.2 kwa lita, kingine 0.6, na unataka mchanganyiko usizidi 1.5, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Hiyo ni hesabu ya mstari: robo kutoka kisima kibaya, robo tatu kutoka kizuri. Visima vikiwa kumi na gharama za umeme zikitofautiana, tumia `linprog`, fankisheni ya SciPy ya hesabu za mstari. Anayetumia kundi la makisio kwa kazi kama hiyo anapoteza umeme bure.

Inapohitajika ni pale jenereta inapozimika katikati ya jaribio, au fundi anapopunguza vali kutoka lita 12 kwa sekunde hadi 9, au kuna ufa wa miamba karibu na kisima, jambo ambalo kwenye miamba ya volkano si la ajabu. Hapo mstari unavunjika. Unarudi kwenye mlinganyo wa Theis wa mwaka 1935: s = Q/(4πT) × W(u), ambapo u = r²S/(4Tt), s ni kushuka kwa maji, r ni umbali kutoka kisimani, t ni muda na S ni uwezo wa tabaka kuhifadhi maji. W(u) ipo tayari ndani ya SciPy kwa jina `scipy.special.exp1`. Kila badiliko la Q unalijumlisha kama kisima kipya kilichoanza saa hiyo, na kizuizi unakiwakilisha kwa kisima cha kufikirika upande wa pili: Q yenye alama ileile kama ni mwamba usiopitisha maji, alama kinyume kama ni mto unaolisha. Vigeu, yaani namba zinazotafutwa, vinafika vinne au vitano, uso wa makosa unakuwa na mabonde kadhaa, na `curve_fit`, fankisheni nyingine ya SciPy inayoanza na kisio moja, inatulia kwenye bonde la kwanza inaloliona.

Jambo linaloamua kama utapata jibu ni mipaka na kipimo, kuliko mipangilio mingine yote kwa pamoja. T ya tabaka huweza kuwa popote kati ya 0.00001 na 0.01 za mita mraba kwa sekunde. Ukiipa algoriti mipaka hiyo kama ilivyo, makisio ya mwanzo yanatawanywa kwa usawa kwenye mstari wa kawaida: kati ya 30, matatu tu ndiyo yatakuwa chini ya 0.001, na chini ya 0.0001 huenda pasiwe na hata moja. Yaani theluthi mbili za nafasi unayoitafuta, ukiihesabu kwa logi, zimeachiwa makisio matatu. Tafuta kwenye log10: `bounds=[(-5, -2), (-6, -1)]` kwa T na S, kisha ndani ya fankisheni andika `T = 10**x[0]`. Kila daraja la kumi linapata sehemu yake sawa. Umbali wa kisima cha kufikirika nao uweke kwenye logi.

Mpinzani akivuka mpaka, SciPy haimbandiki ukingoni; kile kigeu kilichovuka kinapewa thamani mpya ya bahati nasibu ndani ya mipaka. Kwa hiyo ukiona jibu la mwisho limeng'ang'ania ukingo, usilipokee. Panua mipaka, na kabla ya hapo kagua vizio, kwa sababu mara nyingi ni dakika ambazo hazikugeuzwa sekunde au lita ambazo hazikugeuzwa mita za ujazo.

Kuna mtego mwingine hapohapo kwenye Theis. Ukijumlisha hatua za Q bila kuchuja muda, hatua ambayo bado haijaanza inatoa muda hasi, u inakuwa hasi, na `exp1` ya namba hasi ya kawaida inarudisha `nan`, yaani "si namba". Sasa `nan` ukiilinganisha na namba yoyote jibu ni uongo, kwa hiyo mwanakundi mwenye gharama (ukubwa wa kosa lake dhidi ya vipimo) ya `nan` hashindwi na mtu: anakaa mpaka mwisho. Hesabu hatua ambazo muda wake ni zaidi ya sifuri tu, na pale mfano unaposhindwa kabisa rudisha namba kubwa yenye kikomo, kama 1e6.

`popsize` inawachanganya wengi. Thamani ya kawaida ni 15, lakini si makisio 15: inazidishwa na idadi ya vigeu. Vigeu viwili, kundi la 30. Vigeu vitano, 75. Kwa `maxiter=1000` ya kawaida, vigeu viwili vinaweza kuita fankisheni yako hadi mara 30,030 kabla ya ung'arishaji wa mwisho (`polish`), unaolisogeza jibu bora kidogo kidogo. Kwa Theis hiyo ni kazi ndogo. Kwa mfano wa MODFLOW, programu ya kuiga mwendo wa maji ya ardhini, unaochukua sekunde 6 kila mara, vigeu vinane ni makisio 120 kwa kizazi, dakika 12, na vizazi 100 ni saa 20. Hapo ndipo ninaposhusha `popsize` hadi 5 au 6, ninaweka `polish=False`, na ninaweka `workers=-1` ili kori zote zifanye kazi. Ung'arishaji unatumia L-BFGS-B, njia ya kufuata mteremko, ambayo inakisia mteremko kwa kusogeza kigeu kimoja kimoja. Kwenye programu ya uigaji yenye makosa madogo ya hesabu, mteremko huo ni kelele tupu.

Kuhusu `workers`: kila mchakato lazima uweze kuipokea fankisheni yako, kwa hiyo iandike juu kabisa ya faili, usitumie lambda, na kwenye Windows usisahau `if __name__ == "__main__":`. Fankisheni ikiwa nyepesi kama Theis, kugawa kazi kwenye kori kunagharimu kuliko kazi yenyewe. Afadhali `vectorized=True`, ambayo inakuletea kundi lote kama jedwali moja, vigeu vikiwa safu mlalo na makisio safu wima.

Kigezo cha kusimama nacho kisome vizuri. Algoriti inasimama pale mkengeuko wa gharama ndani ya kundi unapokuwa mdogo kuliko `atol` pamoja na `tol` mara wastani, na `tol` ya kawaida ni 0.01. Gharama yako ikiwa na sehemu kubwa isiyobadilika, tuseme 1,000, na tofauti kati ya jibu zuri na baya ni 5 tu, mkengeuko uko chini ya asilimia moja tangu mwanzo. Inasimama mapema na kukuambia imefanikiwa. Ondoa sehemu hiyo isiyobadilika kwenye gharama, au shusha `tol` hadi 1e-6.

Mpango wa kawaida ni `best1bin`, ambao kila mara unajenga juu ya jibu bora la sasa. Una haraka, na una uroho. Endesha kwa mbegu tano tofauti (namba inayoanzisha bahati nasibu); majibu yakitofautiana na gharama zikitofautiana, umenaswa kwenye mabonde. Jaribu `rand1bin`, ongeza `popsize`, sogeza `mutation` kutoka (0.5, 1) hadi kama (0.7, 1.2), na punguza `recombination` kutoka 0.7. Itakuwa polepole zaidi, hilo halikwepeki.

Lakini majibu yakitofautiana huku gharama ikiwa ileile, tatizo si algoriti. Hili ndilo ninaloliona mara nyingi zaidi kwenye majaribio ya huku kwetu, kwa sababu kisima cha uangalizi hakipo na vipimo vyote vimechukuliwa ndani ya kisima kinachopampiwa. Humo ndani kuna upotevu wa kichujio, ambao Jacob aliuandika kama C mara Q mraba, na nusu kipenyo halisi cha kisima hakijulikani. Kwa Q moja, S na C vinafidiana: S ikishuka mara kumi, C inajirekebisha, mchoro unalingana vilevile. T inatoka imara, S ni ya kubahatisha. Anayeweka S kama hiyo kwenye ripoti kwa tarakimu tatu anamdanganya atakayekokotoa umbali kati ya kisima na kisima. Dawa ni kufanya jaribio la hatua lenye kasi tatu au nne ili C ijulikane peke yake, na kisima cha uangalizi kwa ajili ya S, hata kikiwa cha jirani mita 40 kutoka hapo, ilimradi kisipampiwe siku hiyo.

Ili kuliona hilo, fankisheni yangu ya gharama huandika kila kisio na gharama yake kwenye faili la CSV. Ukichukua safu zote ambazo gharama yake haizidi asilimia 5 juu ya ile bora na kuchora T dhidi ya S, unaona kama ni kidoa au ni mfereji mrefu. Faili hilohilo ndilo linalokuokoa umeme ukikatika saa nane usiku: chukua safu bora zinazotosha kundi, ziweke kwenye `init` kama jedwali, endelea. `x0` nayo ipo, ila inaingiza kisio moja tu. Ukitumia kori nyingi, kila mchakato uandike faili lake.

Nyota moja nimeikata kwa mambo mawili. Hakuna kikomo cha muda wala cha idadi ya miito. Inabidi uandike `callback` ya kuisimamisha. Na F pamoja na `recombination` havijifunzi vyenyewe kadiri kazi inavyokwenda, wakati matoleo mengine ya algoriti hii yalishafanya hivyo, JADE mwaka 2009 na SHADE mwaka 2013.

Wanafunzi wananiuliza kwa nini nisitumie zile algoriti zenye majina ya wanyama: mbwa mwitu, nyangumi, popo, kimulimuli. Kenneth Sörensen aliandika mwaka 2015 jinsi hadithi za wanyama zinavyoficha kwamba hesabu si mpya, na baadaye Camacho-Villalón, Dorigo na Stützle walifungua sita kati yao na kukuta mawazo yaleyale ya zamani, hasa ya algoriti ya kundi la chembe (PSO) ya Kennedy na Eberhart ya mwaka 1995. Baya zaidi kwa mtumiaji, baadhi zinavutwa kuelekea sifuri, na fankisheni za majaribio kama Rastrigin na Ackley zina jibu lao hapohapo sifuri. Sogeza jibu hadi 3.7 kwenye kila kigeu ndipo uangalie jedwali la matokeo. Ukitaka mbadala wa kweli, chukua CMA-ES, algoriti ya kundi inayojifunza jinsi vigeu vinavyofungamana, kupitia pakiti ya `cma` ya Nikolaus Hansen, hasa vigeu vikizidi kumi na vikiwa vimefungamana: kwa vigeu 10 kundi lake la kawaida ni 10, dhidi ya 150 za SciPy.

Kwenye SciPy 1.15 jina la `seed` limekuwa `rng`, ingawa la zamani bado linapokelewa. Andika toleo na mbegu kwenye ripoti, mwenzako wa Moshi aweze kupata namba zilezile.