Kiduka cha kuchorwa kianime Mkunazini, wapenzi wa anime msikikose

Jamani wapenzi wa anime (katuni za Kijapani) wa Unguja, kuna kiduka kidogo kichochoroni Mkunazini ukitokea Darajani, wanakuchora kwa stail ya anime afu wanakuprintia kwenye fulana, kikombe au karatasi ya kutundika, na kwa kazi ya mkono wallahi sijaona kama pale hapa mjini.

Nilichokipenda zaidi, fundi hakurupuki kukuchorea macho makubwa basi yakesha. Anakuuliza unataka stail ya nani, anakutandazia karatasi zake, sura moja hiyo hiyo kaichora namna tofauti. Kuna ya Toriyama aliyebuni Dragon Ball, mikono imejaa misuli na nywele zimesimama, kuna ya Sadamoto yule wa anime ya Evangelion ya 1995, watu wembamba, shingo ndefu, na ukimpaka mhusika weusi mwili mzima bado unamjua kwa umbo tu, na kuna ya Nobutake Ito wa anime ya Ping Pong ya 2014, mistari inayumba, viungo vinarefuka. Wengi hiyo ya mwisho wanaipita, mimi naona ndo yenye roho kuliko zote.

Watu wanadhani wachoraji wa wahusika wanajichorea tu wanavotaka. Anime nyingi zinatoka kwenye manga, vile vitabu vya katuni vya Kijapani, mhusika kashaumbwa na mwenye manga, sasa yule wa studio anamchora upya ili aweze kutembea na kupigana, mana kila mstari anaouweka watakuja kuurudia watu chungu nzima. Sekunde moja ni fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana, hata mchoro mmoja ukikaa fremu 3 bado unahitaji michoro 8 kwa sekunde moja tu! Kwahiyo uhuru wake mkubwa upo kwenye kuchagua nini aache. Naohiro Shintani alipopewa kuchora wahusika wa filamu ya Dragon Ball Super: Broly ya 2018 alipunguza mistari na ile ming'aro ya misuli, miili ikawa laini, na mapigano yakatiririka vizuri mno. Hata Toriyama mwenyewe, nywele za Super Saiyan, yaani mpiganaji wa Dragon Ball akishapandisha nguvu, kwenye manga aliziacha nyeupe ili msaidizi wake asipoteze muda kuzijaza wino, na leo nywele zile zinajulikana dunia nzima.

Huyu fundi wetu analijua hilo. Mdogo wangu wa kike alitaka achorwe na mtandio wake, na kwenye anime nywele ndo zinabeba mhusika, kuanzia umbo mpaka rangi, sasa ukizifunika unabaki na nini? Akautumia mtandio wenyewe, mkunjo mmoja mkubwa unaruka begani, rangi moja kali, basi, ukimuona kwa mbali unasema yule pale. Mjomba naye na kofia yake ya kiua, fundi hakuhangaika na kila tobo, kaweka viua vichache mbele tu na kofia ikasomeka ile ile. Mashallah, ana jicho.

Fulana ndo sijaridhika nazo, hasa nyeusi, mistari myembamba inafifia ukishafua, chukueni nyeupe au karatasi. Bei ya penseli 10,000, ya rangi 25,000, kwa mtoto wa skuli ya rangi ni nzito na ningependa wawafikirie, ila kwa kazi niliyoiona mimi natoa tena bila kinyongo. Jumamosi foleni ndefu, Ijumaa mchana wanafunga kwenda msikitini, nendeni katikati ya wiki asubuhi.

Afu mkienda bebeni picha za mwili mzima, sio selfi, ya mbele, ya ubavuni na ya nyuma, mana anakuchora pande zote kama zile karatasi za wahusika za studio, na hiyo karatasi ya pande zote ombeni wenyewe, haongezi hela.