FamilySearch: nimetafuta ukoo wa padri Mwingereza nikiwa hapa Moshi

Babu yake mama alikuwa mpishi wa padri mmoja Mwingereza, akaachiwa Biblia ya kwao, jalada limeliwa na mende ila ndani majina ya watoto yapo kwa wino, sasa mama kaniganda nitafute vizazi vyao wachukue kitu chao.

Nikajisajili FamilySearch, programu ya kutafuta ukoo, bure kabisa. Jamani ile sensa ya Uingereza ya 1881! Padri wetu yumo, katoto ka miaka mitatu, kumbe na baba yake alikuwa padri, nyumba nzima imeandikwa mpaka dada wa kazi, mama alicheka eti hata huko walikuwa na mabosi.

Kushuka chini kwa vizazi vyake ndo ngoma. Sensa ya 1921 ndo ya mwisho kufunguliwa, ya 1931 iliungua 1942, ya 1941 haikufanyika sababu ya vita, na walio hai programu inawaficha (sawa tu, hata mimi nisingependa). Nimeishia kwa mjukuu mmoja aliyefariki. Na bando limekata mara mbili. Naipa nyota nne kwa tano.

Biblia imerudi kabatini, mama kaitia nafthalini.